Mji wa Watu 962 na Mwandishi Aliyeuhama

Mwaka 1888, katika ukumbi ulioko ghorofani juu ya maduka ya mtaa mkuu wa Red Cloud, jimbo la Nebraska, binti wa miaka 14 alipanda jukwaani amevaa suti ya kiume na kofia ndefu. Aliigiza mfanyabiashara, baba yake Mrembo, katika ile hekaya ya Mrembo na Zimwi. Kiingilio kilikwenda kwa walioathiriwa na dhoruba ya theluji iliyopiga nyanda hizo Januari ya mwaka huo. Nywele alishazikata kama mvulana, na jina alilopenda kujiandika lilikuwa William Cather. Mjini walimsema, maana mji mdogo hauna siri wala hauna haya.

Miaka miwili baadaye alisimama kwenye jukwaa lilelile kutoa hotuba ya kuhitimu sekondari. Darasa zima lilikuwa na wahitimu watatu. Akautetea uchunguzi wa kisayansi dhidi ya ushirikina, mbele ya watu waliokuwa wakinong'ona kuhusu mazoea yake ya kupasua wanyama aone kilichomo ndani. Kisha akaondoka kwenda chuo kikuu mjini Lincoln, akahitimu 1895, na maisha yake yaliyobaki akayaishi kwingine: Pittsburgh kwanza, halafu New York, alikofariki tarehe 24 Aprili 1947. Hata kaburi lake haliko Nebraska. Liko Jaffrey, New Hampshire, kaskazini-mashariki ya mbali ya nchi.

Leo binti huyo, mwandishi wa riwaya Willa Cather, ndiye sababu ya wageni kuja Red Cloud. Kila mwaka, mwanzoni mwa Juni, wasomaji, maprofesa, wakulima wastaafu na wanafunzi hukusanyika katika ukumbi uleule kwa kongamano la siku kadhaa. Wanasikiliza mada, wanabishana kuhusu riwaya, wanazungushwa mjini nyumba kwa nyumba, kisha wanapelekwa nje ya mji kutembea kwenye nyasi.

Ukiliangalia kwa mbali ni jambo jepesi: mji una mtoto maarufu, mji unamsherehekea. Ukilisogelea unakuta uzi uliojisokota. Mji unamshangilia mtu aliyeuona kuwa mdogo mno kwa ndoto zake. Unatembeza wageni kwenye nyumba za majirani ambao aibu zao aliziweka vitabuni. Unasoma hadharani maneno ya mwanamke aliyeandika katika wosia kwamba barua zake zisichapishwe. Na ardhi yenyewe inayosifiwa ilikuwa na wenyewe kabla ya wote hao.

Tuanze na ardhi, kwa sababu bila hiyo hakuna riwaya.

Kiswahili hakina neno lililotulia la kile Wamarekani wanachokiita preri. Ukisema mbuga, msomaji anawaza tembo na tiketi za watalii. Nyika kwetu ni lile pori kame la vichaka nyuma ya pwani. Uwanda ni tambarare yoyote. Preri ni bahari ya nyasi isiyo na miti, ardhi inayopanda na kushuka polepole, na upepo ambao hauna cha kuuzuia. Baadhi ya nyasi zake hurefuka kumpita mtu mzima, na mizizi hushuka ardhini mita kadhaa, ikijisuka mpaka udongo unakuwa mgumu kama mkeka uliotiwa gundi. Walowezi waliuita udongo huo marumaru ya Nebraska, na kweli waliukata vipande wakajengea nyumba, kwa kuwa mbao hazikuwepo.

Familia ya Cather ilifika huko mwaka 1883 ikitokea Virginia, Willa akiwa na miaka tisa. Mtoto aliyezoea milima, misitu na ukoo wa karibu aliangushwa mahali ambapo jicho halikuwa na pa kutua. Baadaye alisimulia kwamba mwanzoni hali ile ilikaribia kumvunja. Kilichomwokoa ni majirani. Kulikuwa na Wacheki wa Bohemia, Waswidi, Wanorwei, Wajerumani na Wafaransa, wengi wao wakihangaika na Kiingereza. Alipanda farasi akawatembelea wanawake watu wazima, akakaa jikoni kwao wakioka mikate au kusukasuka siagi, akawasikiliza. Baada ya mwaka na nusu hivi familia iliacha shamba na kuhamia mjini, lakini mbegu ilikuwa imeshaingia udongoni.

Ilichukua muda mrefu kuota. Cather alikuwa mhariri wa jarida kubwa New York na alikaribia miaka 40 alipochapisha riwaya ya kwanza, mwaka 1912, nayo haikuwa na preri hata kidogo. Riwaya zilizomtambulisha zilifuata: O Pioneers! mwaka 1913, inayomhusu binti wa Kiswidi anayeachiwa shamba na baba yake, na My Ántonia mwaka 1918, inayomhusu binti wa Kicheki. Wakati huo fasihi yenye hadhi ya Marekani ilipenda sebule za Boston na New York. Cather aliweka katikati ya riwaya dada wa kazi mgeni anayeongea Kiingereza cha kuvunjika, na hakumfanya kichekesho. Mwaka 1923 alipewa Tuzo ya Pulitzer kwa riwaya nyingine, One of Ours, ingawa kwa maoni yangu si katika bora zake.

Mwanzo wa sherehe

Red Cloud haikuamka siku moja ikajivunia binti yake. Kwa miaka mingi wenyeji walikuwa na kinyongo, nao walikuwa na sababu. Mfano mzuri ni Silas Garber. Ndiye mwanzilishi wa mji, akawa gavana wa Nebraska, na mwaka 1889 akajenga benki ya matofali ambayo hadi leo ndiyo jengo linalovuta jicho zaidi kwenye mtaa mkuu. Benki hiyo ilianguka 1893. Mkewe, Lyra, alikuwa kijana kuliko yeye, mrembo na mcheshi. Mwaka 1923 Cather alichapisha A Lost Lady, yenye mzee mwanzilishi wa mji, benki inayoanguka, na mke kijana mwenye mpenzi wa siri. Majina yalikuwa ya kubuni, lakini kwa msomaji wa Red Cloud yasingeficha kitu.

Aliyegeuza upepo alikuwa Mildred Bennett, mwalimu aliyeolewa na daktari wa mji. Alizunguka akiwauliza wazee wakiwa bado hai: nyumba hii ilikuwa ya nani, msichana yule aliolewa wapi, hadithi ile ilitokea kweli? Mwaka 1951 akachapisha kitabu cha matokeo ya udadisi wake, na 1955 yeye na wenzake wachache wakaunda jumuiya ya kumkumbuka Cather. Walikuwa watu wa kujitolea waliochangishana kununua jengo moja baada ya jingine, benki ya Garber ikiwa miongoni mwa ya mwanzo. Serikali ilifuata nyuma. Mwaka 1971 nyumba aliyokulia Cather ilipewa hadhi ya alama ya kihistoria ya kitaifa. Ukumbi uliojengwa 1885 na kukaa kimya miongo mingi ulifunguliwa tena 2003. Mwaka 2017 kituo cha taifa cha Willa Cather kilizinduliwa kwenye mtaa huohuo, na Laura Bush, mke wa rais mstaafu, alikuwepo.

Ukumbi huo, kwa njia, uliitwa jumba la opera ingawa opera zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Katika miji ya Marekani ya zama hizo wacha Mungu waliutilia shaka mchezo wa kuigiza, hivyo jina la opera lilisaidia kuupa heshima.

Kuna hesabu nyingine isiyopaswa kufichwa. Cather alipokuwa mtoto, Red Cloud ilikuwa na watu wapatao 2,500 na treni za abiria zilipita hapo mara kadhaa kwa siku. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 962. Matrekta yalichukua kazi za mikono, mashamba yakamezana, vijana wakafuata kazi mijini, kama yeye alivyofanya. Miji mingi ya uwanda huo imebaki na ghala la nafaka, kanisa na madirisha yaliyopigiliwa mbao. Red Cloud imebaki na riwaya. Kwa hiyo kongamano la Juni ni mapenzi ya fasihi, naam, lakini pia ni vyumba vya wageni vilivyojaa na sahani zinazouzwa mgahawani. Sioni ubaya wake. Ubaya ungekuwa kujifanya kwamba fedha haimo.

Kinachofanyika hasa

Sherehe za waandishi duniani kote zina mtego mmoja: watu wanakuja kwa ajili ya picha, vitabu vinabaki rafuni. Red Cloud wamejitahidi kuukwepa kwa kufanya kitabu kuwa ndiyo ramani. Unapewa kituo, unakumbushwa ukurasa, unatazama. Zipo ziara za kuongozwa, maonyesho ya sanaa, muziki na michezo ukumbini, na ufadhili wa masomo kwa wasichana wa Nebraska wanaokwenda chuoni kusoma fasihi ya Kiingereza. Nje ya mji, jimbo nalo limejiunga: mwaka 2005, Nebraska ilipoanza mpango wa kusoma kitabu kimoja jimbo zima, maktaba na vikundi vya wasomaji vilianza na My Ántonia.

Kituo kimoja kinatosha kuonyesha jinsi mbinu hiyo inavyofanya kazi. Nyumba ya utotoni ni ndogo na ilikuwa ya kupanga, ikibeba wazazi, bibi na watoto ambao hatimaye walifika saba. Willa, mkubwa wao, alipewa pembe ya darini. Akafanya kazi katika duka la dawa la daktari mmoja, na malipo akayachukua kwa karatasi za kupamba ukuta, zenye mawaridi madogo mekundu na ya kahawia. Akazibandika mwenyewe kwenye kuta zinazoinama na paa. Karatasi hizo zimehifadhiwa. Mgeni anainamisha kichwa, anasimama mbele ya ua lililofifia, na ghafla anaelewa jambo ambalo mihadhara mitatu isingelisema: kabla hajawa mwandishi alikuwa mtoto aliyehitaji mlango wa kufunga.

Kituo kingine kiko mashambani kaskazini, njia ya kuelekea Bladen. Ni nyumba ya Anna Pavelka, aliyezaliwa Anna Sadilek huko Bohemia mwaka 1869, aliyekuja Nebraska akiwa mtoto, akafanya kazi za ndani kwa familia ya Miner mjini, na ambaye Cather alimgeuza kuwa Ántonia. Nyuma ya nyumba kuna stoo iliyochimbwa ardhini ya kuhifadhia matunda na achari. Karibu na mwisho wa riwaya, msimulizi anarudi baada ya miaka 20 kumtembelea rafiki yake wa utotoni. Watoto wanamteremsha kwenye stoo kama hiyo, wanamwonyesha mapipa na mitungi ya cheri na stroberi, kisha wanachomoka wote kwa mpigo, wakubwa kwa wadogo, kutoka gizani hadi kwenye jua. Wageni hushuka ngazi, hugeuka, hupanda tena. Wengine hulia. Ni shimo la kuwekea mitungi tu, lakini ukiwa umesoma, si shimo.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kuwa macho. Baba yake Anna alijiua, akazikwa kwenye pembe ya njia kama kwenye riwaya, ingawa mabaki yake yalihamishwa baadaye. Katika kitabu msimulizi, Jim Burden, yupo: anaiona theluji, anaona jeneza. Cather hakuwepo. Msiba ulitokea kabla familia yake haijafika Nebraska, naye aliukuta kama hadithi inayosimuliwa. Tena alimpa mwanamume kazi ya kusimulia, mtu anayempenda Ántonia na hamwoi. Kiongozi wa ziara akisema "hapa ndipo Ántonia alipoishi," amesema kweli nusu. Aliyeishi hapo ni Anna.

Wosia

Cather alilinda jina lake kwa ukali. A Lost Lady ilitengenezwa filamu mara mbili, mara ya pili mwaka 1934, na alichukizwa kiasi kwamba alipiga marufuku vitabu vyake kuigizwa tena, hata baada ya kufa kwake. Barua zake nyingi ziliharibiwa, na wosia ukakataza zilizobaki zisinukuliwe wala kuchapishwa. Kwa miongo kadhaa mtafiti angeweza kusoma barua katika maktaba lakini asiruhusiwe kuandika sentensi moja yake, ila aizunguke kwa maneno yake mwenyewe.

Vifungo hivyo vilifunguka kwa njia mbili. Ya kwanza ni sheria ya hakimiliki, ambayo haidumu milele: riwaya za 1913 na 1918 sasa ni mali ya umma nchini Marekani, na yeyote anaweza kuzipeleka jukwaani bila kumwomba mtu ruhusa. Ya pili ni mirathi. Mpwa wake aliyesimamia haki hizo alifariki 2011, na waliorithi usimamizi wakaona ni heri barua zisomwe. Mwaka 2013 wahariri Andrew Jewell na Janis Stout walitoa mkusanyiko wa kwanza, na Chuo Kikuu cha Nebraska kikaendelea kuziweka mtandaoni.

Je, ni usaliti? Nimegeuza swali hili mara nyingi. Marehemu alisema waziwazi anachotaka. Lakini ukimya ulikuwa umezaa uvumi kuliko ukweli wowote, hasa kuhusu Edith Lewis, aliyeishi naye karibu miaka 40 na aliyezikwa karibu naye. Barua zimetuonyesha mtu mcheshi, mwenye hasira za haraka, aliyetuma misaada kwa wakulima wa Webster, wilaya ambamo Red Cloud imo, wakati wa ukame wa miaka ya 1930 ingawa mji wenyewe hakurudi tena baada ya Krismasi ya 1931. Huyo ni rahisi kumpenda kuliko sanamu. Mimi ningezichapisha, na ningeona haya kidogo.

Waliokuwepo kabla

Fundo gumu zaidi halimhusu Cather peke yake. Mji wa walowezi ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1870 uliitwa kwa jina la Red Cloud, chifu wa Waoglala Lakota ambaye miaka michache tu kabla alikuwa amepigana na jeshi la Marekani hadi likafunga ngome zake. Bonde la mto Republican linalopita hapo lilikuwa nchi ya Wapawnee. Karibu na Guide Rock, mashariki ya Red Cloud, kuna kilima walichokiita Pahur, mojawapo ya mahali pao patakatifu. Kati ya 1874 na 1876 Wapawnee waliondolewa Nebraska wakapelekwa eneo ambalo leo ni Oklahoma. Familia ya Cather ilishuka kwenye treni mwaka 1883. Hesabu mwenyewe: haikupita hata miaka kumi.

Katika My Ántonia nchi hiyo inaonekana kana kwamba ilikuwa ikimsubiri mkulima. Alama ya Wahindi Wekundu, kama walivyoitwa enzi hizo, ni duara moja kubwa kwenye nyasi, mahali walipokuwa wakizungusha farasi. Theluji nyepesi ikianguka duara linajitokeza jeupe, halafu hadithi inasonga mbele. Naona ukurasa huo ni mzuri na unauma kwa wakati mmoja, kwa kuwa mwandishi aliona alama na hakuuliza waliko wenyewe. Kitabu hichohicho kinamchora mpiga piano Mweusi kipofu kwa maneno ambayo leo hayasomeki kwa sauti bila kusita.

Sherehe inayojiheshimu haivikwepi vifungu hivi, na Nebraska imeweka jambo hilo mahali pa wazi kuliko pote. Kila jimbo la Marekani lina sanamu mbili katika jengo la Bunge mjini Washington. Mwaka 2019 Nebraska iliondoa moja ya zake ikamweka Standing Bear, chifu wa Waponca, ambao walihamishwa kwa nguvu mwaka 1877. Yeye ndiye aliyekwenda mahakamani 1879 jaji akatamka kwamba Mhindi Mwekundu ni mtu mbele ya sheria. Tarehe 7 Juni 2023, mwaka wa 150 tangu Cather azaliwe, ikaondolewa ya pili, akawekwa Cather mwenyewe. Mchongaji wake, Littleton Alston, ndiye Mwamerika Mweusi wa kwanza kuwa na kazi katika mkusanyiko huo. Kwa hiyo jimbo moja sasa linawakilishwa na mwanamume aliyefukuzwa kwenye ardhi yake na mwanamke aliyewaimba waliokuja kulima.

Kilomita chache kusini ya Red Cloud, karibu na mpaka wa Kansas, kuna ekari 612 ambazo jembe halikuwahi kuzipindua. Shirika la uhifadhi lilizinunua mwaka 1974, na 2006 zikakabidhiwa kwa taasisi ya Cather. Huko hakuna nyumba wala kibao cha kusoma kila hatua tano, ni njia za miguu kwenye nyasi tu. Wapo wageni wanaokiri kwamba majengo yote waliyasahau wakakumbuka sauti ya upepo.

Na kuhusu Anna Pavelka: alifariki mwaka 1955, mwaka uleule Mildred Bennett na wenzake walipounda jumuiya yao. Mwaka huo alikuwa amemwandikia barua mwanafunzi mmoja aliyemuuliza habari za riwaya. Alieleza kwamba baba yake alisikia sifa za Amerika, miti tele na nyumba nzuri, akaja akakuta watu wanaishi kwenye mashimo yaliyochimbwa kingoni mwa makorongo. Karibu yote yaliyomo kitabuni ni kweli, alimwambia, isipokuwa majina mengi yamebadilishwa.